Tasa

Jumanne usiku, Dundee, mvua inakuja kwa ubavu.
Tuko tisa darasani, orofa ya tatu,
radieta inagonga kama mtu aliyefungiwa ndani.
Bi. Elspeth Gourlay, koti hajalivua,
anaandika ubaoni kabla ya salamu:

73939133

"Inagawanyika?"
Sisi tunaofua shuka za hospitali mchana,
mabingwa wa kugawa:
mshahara kwa kodi, salio kwa gesi,
gesi kwa siku zilizobaki kufikia Ijumaa.
Tukainama.
Kwa tatu, zinabaki mbili. Kwa saba, mbili tena.
Kwa kumi na tatu, nane.
Bogumil, jirani yangu, alifika mia moja na moja
akatupa kalamu.

Mwalimu akataja jina la namba za namna hiyo.
Sikulijua. Nikafungua kamusi ya simu
chini ya dawati, kama mwizi,
nayo ikanijibu kwa lugha ya mama:
tasa.

Nilipanda ndege mbili ili neno hili lisinipate.
Mara ya mwisho nililisikia Korogwe,
mama mkwe anapepeta mchele, macho hakuinua:
"Huyu tasa." Akatupa chuya.
"Mwanangu ataoa."
Miaka yangu kumi na moja ya ndoa
(nayo haigawanyiki, naona sasa)
ikaingia kwenye gunia moja la katani, na nafasi ikabaki.

Bi. Gourlay akafuta tarakimu ya mwisho kwa mkono wa koti.

7393913
"Na hii?" Tasa.
739391
Tasa.
73939
Mvua ikanyamaza kidogo, au mimi ndiye niliyeacha kuisikia.
7393
739
73
Kila anapomkata mkia, anayebaki ni yuleyule,
mkaidi,
hugawika kwa moja na kwa nafsi yake tu.
7
Akasimama. Koti limejaa chaki hadi kiwikoni.

Mimi nikazisoma kurudi juu, tunavyosoma nasaba:
Saba akamzaa Sabini na Tatu,
Sabini na Tatu akamzaa Mia Saba Thelathini na Tisa,
tasa akamzaa tasa akamzaa tasa,
vizazi vinane.
Kiswahili changu kilikataa.
Kisha kikakaa kitako, kikafikiri.

"Sasa mwongezeeni mtoto," akasema,
"tarakimu moja, mkiani."
Sifuri, mbili, nne, sita, nane: shufwa, mbili inazimeza.
Tano, tano mwenyewe anaidai.
Moja na saba, jumlisha tarakimu zake, utamkuta tatu mlangoni.
Bado tatu, bado tisa.
Hizo, akasema, vigawanyo vyake vimejificha mbali,
lakini vipo; wenye mashine walishavifukua.
Basi hana.
Katika ukoo huu wa kukatwa mkia na kubaki tasa,
hakuna mkubwa kumzidi, wala hatazaliwa.

Nilingoja aseme maskini.
Alisema, "Tazameni,"
akaiandika tena yote, taratibu,
akaweka chaki chini kama mtu awekaye yai.

Kwenye basi la saa tatu na robo
kioo kilikuwa na ukungu. Nikaandika kwa kidole,
tarakimu nane, kubwa kubwa.
Mtoto wa kiti cha mbele aligeuka, akaanza kufuta
kutoka kulia, mmoja, mmoja, akinitazama kama nitakasirika.
Futa, nikamwambia. Futa tu.
Alibakiza saba.
Nje, kupitia tumbo la ile saba, taa za daraja,
nami nikapitiliza kituo changu.